Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwaua Goa'uld wachanga ambao hawajatenda kosa lolote?

Mleta hoja, Kampala

Ndugu zangu, naomba tujadili swali ambalo tamthilia ya Stargate SG-1 ililigusa katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1997, kisha ikalipita haraka kana kwamba jibu lake linajulikana.

Kwa wasioifahamu, Goa'uld ni vimelea wenye akili na umbo la nyoka mdogo. Kimelea hupenya shingoni, hujizungusha kwenye uti wa mgongo na kuutawala mwili wote, huku mwenye mwili akibaki ndani yake akiona na kusikia kila kinachotendwa kwa mikono yake, bila uwezo wa kuizuia. Kwa miili hiyo ya kuporwa wamejifanya miungu ya kale, akina Ra, Apophis, Hathor na Ba'al, na wametawala sayari nyingi kwa maelfu ya miaka. Wachanga wao hulelewa katika mfuko uliotengenezwa tumboni mwa Jaffa, ambao ni binadamu waliobadilishwa maumbile ili wawe walezi na askari wa mabwana hao.

Katika kipindi kiitwacho "Bloodlines", Daniel Jackson na Samantha Carter, wa kikosi cha SG-1 kutoka Duniani kinachopambana na Goa'uld, wanaingia hekaluni katika sayari ya Chulak kumtafuta Goa'uld mchanga mmoja, na kukuta tangi lililojaa wachanga. Carter anasita, kwa sababu viumbe hao hawawezi kujitetea. Daniel, ambaye mkewe Sha're amekwisha kuchukuliwa kuwa mwenyeji wa kimelea, anaanza kuondoka, kisha anageuka na kulipiga tangi risasi. Nauliza: alitenda haki?

Msimamo wangu ni kwamba hakutenda haki, na naueleza kwa urefu kwa sababu najua wengi mtanipinga.

Hoja kuu ya wanaomtetea Daniel ni kumbukumbu ya urithi. Goa'uld huzaliwa akiwa na maarifa na kumbukumbu za waliomtangulia, kwa hiyo, wanasema, hakuna Goa'uld mchanga kwa maana halisi. Kuna dhalimu wa kale aliyevaa mwili mpya. Hoja hiyo ina nguvu, lakini tamthilia yenyewe inaipinga mara mbili. Kwanza kuna Tok'ra, waasi waliozaliwa na malkia Egeria, ambao ni vimelea wa jamii ileile, ila hawaingii katika mwili wa mtu bila ridhaa yake, na wakishaingia wanaugawana naye. Pili kuna Shifu, mtoto wa Sha're, aliyezaliwa na wazazi wawili waliokuwa wenyeji wa vimelea, na ambaye alirithi kumbukumbu zote za Goa'uld. Shifu aliujua uovu wote huo na akakataa kuutumia. Ikiwa mtoto huyo aliweza, basi kurithi kumbukumbu ya uovu si sawa na kuutenda, na aliyeua waliomo tangini aliua kwa kubashiri.

Nina jambo jingine ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Tok'ra hukataa kutumia sarkofagi, lile jeneza linalorudisha uhai na kurefusha maisha, kwa kuwa wanaamini linaharibu nafsi ya anayelitumia. Daniel mwenyewe, katika msimu wa pili, alilitumia mara kadhaa akageuka mkatili na mwenye kiburi, ilhali hakuwa na kimelea chochote mwilini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uovu wa Goa'uld inatokana na mazoea na chombo, wala si damu peke yake.

Nalileta swali hili mbele ya Waganda kwa sababu sisi si wageni wa swali la nani anawajibika pale mtu anapofanywa chombo cha mwingine tangu utotoni. Dominic Ongwen alitekwa nyara na waasi wa LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shuleni, akakua hadi kuwa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, ikakataa utetezi wa kulazimishwa na wa maradhi ya akili, ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Hata hivyo, majaji walizingatia utoto wake ulioporwa walipopima adhabu. Mahakama hiyo ilimhukumu kwa matendo yake mwenyewe, baada ya kumsikiliza. Tangi la Chulak halikupewa hata hilo.

Mchangiaji wa kwanza, Gulu

Dada mleta hoja, salamu. Nimekusoma kwa makini na naheshimu uchungu wako, lakini nakupinga katika mambo mawili.

La kwanza ni mfano wako. Ongwen hakuwa na nyoka shingoni. Wapo wengi waliotekwa kama yeye ambao walitoroka walipopata mwanya, na maelfu walirudi nyumbani chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Tukianza kumfananisha kamanda na mwenyeji wa kimelea, tunamwondolea hiari aliyokuwa nayo, na tunawaambia waliochomewa nyumba zao Lukodi na Abok kwamba hakukuwa na mtu ndani ya aliyewachomea. Kama unatafuta wa kumlinganisha naye, mtazame Teal'c, Jaffa aliyekuwa kamanda mkuu wa Apophis kabla ya kujiunga na SG-1. Katika kipindi cha "Cor-ai" anashtakiwa na kijana ambaye baba yake, mlemavu wa mguu, aliuawa na Teal'c kwa amri ya bwana wake. Teal'c hasemi kwamba alilazimishwa. Anakubali kosa na yuko tayari kufa. Marafiki zake ndio wanaotafuta udhuru. Mimi nasimama na Teal'c katika hilo kuliko na marafiki zake.

La pili ni tangi. Wewe unaangalia waliomo ndani. Mimi nawaangalia walio nje. Kila mmoja wa wale akikomaa atahitaji mwili, na mwili huo utaporwa kwa mtu, ambaye atafungwa ndani yake kwa miaka mingi kuliko kifungo chochote cha mahakama. Shifu ni mmoja tu, tena alilelewa mbali na Goa'uld. Nani angewalea hao wa tangini, kama si mabwana wa Chulak?

Mchangiaji wa pili, Mbale

Mimi ni muuguzi, na nitasema kwa ufupi. Mwaka 2009 Uganda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeondokana na mnyoo wa Guinea, na hakuna aliyeulilia mnyoo huo. Kimelea kisichoweza kuishi ila kwa kumtesa mtu huondolewa. Akili haimpi haki ya kukaa katika mwili wa mwenzake.

Mleta hoja, Kampala

Kaka wa Gulu, kuhusu Teal'c umenizidi, na nakubali kwamba yeye ndiye mfano unaofaa zaidi kuliko mwenyeji wa kimelea. Jaffa hutawaliwa kwa hofu, imani na utegemezi wa kimelea kinachowapa afya, lakini mkono unaofyatua silaha unabaki wao.

Kuhusu tangi, bado sijaridhika. Ndugu muuguzi, kukiondoa kimelea mwilini na kumuua asiye katika mwili wa yeyote ni mambo mawili tofauti. Naafiki kabisa kwamba hakuna Goa'uld mwenye haki ya mwili wa mtu, na katika kipindi cha "Pretense" mahakama ya Watollan, watu wa sayari nyingine, iliamua hivyohivyo: ilisikiliza kesi ya Skaara na kimelea wake Klorel, kila upande ukiwa na watetezi, ikampa Skaara mwili wake, na Klorel akatolewa akiwa hai. Hiyo ndiyo haki ninayoitaka. Hata Ba'al, katika filamu ya mwaka 2008, alitolewa mwilini na kuuawa na Tok'ra baada ya makosa yake kusomwa moja baada ya jingine, na mwenye mwili akapona. Ba'al alikuwa na orodha ya makosa ya kusomwa. Waliokuwa tangini wangesomewa nini?

Swali la kaka kuhusu nani angewalea ndilo gumu kwangu, kwa sababu Daniel hakuwa na jeshi la kuwabeba wala mahali pa kuwaweka, na naelewa kwamba aliyempoteza mke hawezi kudaiwa utulivu wa jaji. Lakini wakati ule yeye na Carter walikuwa wamekwisha kumpata mchanga mmoja waliyemhitaji na njia ya kuondoka ilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa hatarini dakika ile. Anayeona kwamba hatari ya miaka ijayo inatosha kuhalalisha risasi ile, naomba aeleze mpaka wake uko wapi: je, angelipiga risasi pia tangi la malkia Egeria kabla Tok'ra hawajazaliwa?