Mrejesho: ile wine ya zabibu iliyokuwa inanuka yai viza

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu wine ya zabibu nyekundu za Makutupora hapa Dodoma, lita 20 bila kuweka hamira, siku ya 4 ikanuka yai viza nikataka kumwaga. Aliyesema hamira ya asili (ile inayokuja na zabibu zenyewe) imekosa chakula na hewa, asante sana ndugu yangu. Nilifungua ndoo nikawa nazamisha maganda kwa mwiko asubuhi na jioni, yalikuwa yamepanda juu yamekauka kama mkeka, siku ya 7 nikachuja nikaimimina kutoka juu ipate hewa, harufu kwisha! Sasa iko kwenye dumu, mpira wa kutolea gesi umezama kwenye chupa ya maji, vipovu vinatoka kimoja kimoja. Jana nimeonja, kali kidogo ila zabibu unaisikia kabisa.