Kitambulisho kimempunguzia mama umri, pensheni jamii ataipataje?

Mwani_Paje: Assalaam alaykum ndugu zangu. Bi mkubwa wangu yupo Paje, analima mwani tangu kilimo hicho kinaingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hana mwajiri, hana mfuko wowote. Kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi kinasema kazaliwa 1959, mwaka waliokisia wenyewe kwa kuwa cheti hakikuwepo. Lakini Mapinduzi ya Januari 1964 anayakumbuka vizuri: alikuwa chuo cha Kurani keshamaliza juzuu amma, na siku ile kambeba mdogo wake mgongoni wakikimbilia shamba. Mtoto wa miaka mitano hambebi mwenziwe. Mimi nna hakika 70, umri wa kuanza pensheni jamii, keshaipita, na jirani wa rika lake anapokea 50,000 kila mwezi. Tusubiri au tuihangaikie tarehe? Mgongo wake haungoji.

Babu_Makame: Waalaykum salaam. Msisubiri. Mtoto wa kwanza kazaliwa mwaka gani?

Mwani_Paje: Dada yetu, cheti chake 1972.

Babu_Makame: Kwa kitambulisho hicho basi mama kazaa ana miaka 13! Hapo ndipo pa kushika. Chukua cheti cha dada, cha ndoa kama kipo, na wazee wawili waliosoma naye chuoni, muanzie kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini. Ikishabadilika, laini ya simu na kadi ya kura nazo zifuate, la sivyo siku ya malipo mtarudishwa.

Tanga_Raha: Shukuruni wenzetu. Mpango wenu ulianza Aprili 2016 kwa 20,000, hela ya Serikali ya Mapinduzi, hakuna aliyeulizwa alichangia nini. Huku Bara mama yangu ana 74. Tuna Sera ya Wazee tangu 2003 na ahadi ya matibabu bure, ila pensheni ya kila mzee hatuna. TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, ni ya kaya maskini, na yeye eti ana bati.

Kwale1: Inua Jamii, mpango wetu wa Kenya, kwa wazee pia ni 70, shilingi 2,000 za huku kwa mwezi. Wavuvi wangapi wanafika 70? Washushe iwe 60.

Mhasibu_Mstaafu: Ukishusha miaka kumi wapokeaji wanaongezeka sana, na kodi ni ile ile. Bora 65, tena kwa hatua. Halafu tunasahau kundi kubwa zaidi: vijana wa leo wa boda, mwani na genge, ambao hawachangii na watazeeka pamoja. Zanzibar, ZSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea wachangiaji wa hiari. Mwenye uzi, wewe una miaka mingapi?

Mwani_Paje: 38. Nnaendesha gari ya abiria, sichangii popote. Asubuhi naenda kwa sheha na cheti cha dada. Hilo lako mzee wangu, nipe siku.