Mwenyekiti wa steji alikataa kuokoka. Yuko wapi sasa?

Mwana wa Jinja: Jumamosi tulimzika mwenyekiti wa steji yetu ya bodaboda. Mzee yule alikuwa na daftari la madeni, lakini mama mjamzito hakumwandika humo hata siku moja. Mpigie saa nane za usiku, anakuja na koti lake la mvua, anakufikisha hospitali. Sasa kaburini mchungaji kasimama, watoto wa marehemu wanasikiliza, anasema mzee aliitiwa wokovu mara tatu akakataa, tulio hai tujifunze. Nauliza bila ugomvi: Mungu aliye upendo anamtupa mtu kama huyu?

Mtumishi Mbale: Pole kwa msiba. Ila Waefeso 2 iko wazi: ni neema, kwa njia ya imani, si matendo, mtu asijisifu. Kama safari za bure zinatosha, msalaba ulikuwa wa nini? Ndiyo makosa ya wale wanaotembea kila Juni kwenda Namugongo, kwenye hija ya mashahidi wa Uganda waliouawa kwa imani yao, wanatafuta wokovu kwa visigino.

Binti Masaka: Visigino?! Ssebo, mwaka jana nimetembea kutoka Masaka, zaidi ya kilomita 120, kucha mbili za miguu zimeng'oka. Sikwenda kununua mbingu. Mama yangu alipona, nikaenda kushukuru. Umetujua lini sisi?

Mtumishi Mbale: Hata sebuleni unaweza kushukuru, dada.

Binti Masaka: Hata sebuleni unaweza kuhubiri. Mbona mnafunga spika nane na mtaa haulali?

Kobe wa Kisenyi: Hapo kwenye spika umenigusa. Kwetu wanaanza saa tatu usiku, mtoto wangu siku hizi analia kwa sauti ya "haleluya".

Fundi Arua: Dini ya watu iheshimiwe. Wale mashahidi 45, Wakatoliki wote, walichomwa siku moja, leo mtu anachekea visigino.

Mwalimu Mstaafu: Fundi, polepole. Wakatoliki 22, Waanglikana 23. Wala si siku moja: Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, Lwanga akachomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa 6 alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, aliwataja na wenzao Waanglikana. Tena kwa wanaopenda kufunga milango: Mukasa Kiriwawanvu alikufa bado anafundishwa dini, maji ya ubatizo hayajamgusa. Yumo kwenye wale 22.

Mtumishi Mbale: Asante mwalimu, umenisaidia mimi. Huyo aliamini mpaka akafia imani yake. Mzee wa steji alikataa. Ni kitu kimoja?

Mwalimu Mstaafu: Si kimoja, nakubali. Lakini alikataa nini? Yesu, au yule aliyekuja kumwita?

Mjukuu wa Mlokole: Babu yangu alikuwa mlokole wa uamsho ule wa miaka ya 1930 uliovuka kutoka Gahini, Rwanda. Wale walikuwa wakisimama mbele za watu wanasema: jana nimeiba mkungu wa matoke, nimemchukia shemeji yangu. Wengine walirudisha mpaka jembe la jirani. Dhambi zao wenyewe! Sikumsikia babu akitubu kwa niaba ya maiti. Ninyi wa siku hizi mmegeuza kitu.

Mtumishi Mbale: Usinihukumu, hunijui. Mimi nimelala mtaroni kwa pombe ya waragi miaka sita. Mke kaondoka na watoto. Siku neema iliponikuta sikuwa na tendo jema hata moja la kuonyesha, hata viatu sikuwa navyo. Ndiyo maana mtu akiniambia "matendo" nasikia kama ananirudisha mtaroni.

Binti Masaka: Hilo sikulijua. Hongera, ndugu yangu, kwa moyo wote. Spika bado ni nyingi.

Kobe wa Kisenyi: Nyingi mno.

Mwana wa Jinja: Jamani, swali langu limelala wapi? Kijana wake wa darasa la tano ananiuliza baba yuko motoni, nami namtazama tu.

Fundi Arua: Mwambie baba amelala. Halafu, steji imeshapata mwenyekiti mwingine?

Mwana wa Jinja: Bado. Kwanza tunapitia lile daftari, mjane apate chochote. Mchungaji naye yumo, safari nne.