Ampli ya lampu au kifaa cha kidijitali: kipi kinafaa kwa solo ya seben?

Solo wa Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, kanisani kwetu ampli ya lampu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti) imetuchosha kwa uzito wake na kwa zile lampu zake mbili za EL34, ambazo zikifa hatuna budi kuziagiza nje na kungoja wiki kadhaa. Nimeonyeshwa vifaa vya kidijitali vya namna mbili: kinachoiga sakiti kipande kwa kipande, na kinachonakili ampli moja ikiwa imekwisha pangwa. Naomba mnilinganishie, mkikumbuka kwamba seben, ile sehemu ya wimbo ya mwendo kasi inayoongozwa na gitaa, haitaki mkwaruzo mwingi.

Fundi Kamalondo
Tuanze na kinachoigwa. Lampu haikati wimbi la sauti ghafla. Hulibana kidogo kidogo kadiri unavyokaza mkono, na mara nyingi upande mmoja hubanwa kuliko mwingine, ndiyo maana sauti hunona badala ya kuchoma masikio. Zaidi ya hayo, katika ampli yenye rektifaya (kigeuza umeme) ya lampu, volti za ndani huzama unapogonga nyuzi zote pamoja, kisha hupanda taratibu, na mpigaji huhisi jambo hilo vidoleni.

Kifaa cha namna ya kwanza, ambayo kampuni ya Line 6 iliieneza kwa kifaa chake cha POD mwaka 1998, hugeuza mwenendo huo kuwa milinganyo inayokokotolewa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo ukizungusha kitufe cha besi, kinajibu karibu kama ampli yenyewe. Cha namna ya pili, kama Kemper, hupeleka sauti za majaribio kwenye ampli ya kweli na kuhifadhi kinachorudi. Mpangilio ule mmoja huupata vizuri sana, lakini ukiuacha mbali, kinaanza kubahatisha. Kwa seben, ambapo unabadilisha mipangilio mara kwa mara, ningechukua cha kwanza.

Besi wa Ruashi
Yaya Fundi, umeisahau spika! Spika ya gitaa ya inchi 12 hushusha sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi. Mimi niliwahi kuchomeka kifaa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti huku mwigo wa spika (sehemu ya kifaa inayoiga ushushaji huo) umezimwa, tukasikia nyuki ndani ya kopo. Wiki iliyofuata nikauwasha, lakini nikapitisha kwenye ampli ya gitaa: spika juu ya spika, kama mtu anayeimba chini ya blanketi.

Solo wa Katuba
Nimekuelewa. Na kuchelewa kwa sauti je? Mkono wangu unakimbia.

Fundi Kamalondo
Sauti husafiri hewani sentimeta 34 hivi kwa milisekunde moja. Kifaa kikichelewa milisekunde tatu, ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye bafle (sanduku la spika). Ukitumia kompyuta badala ya kifaa, ile iliyopangwa vibaya ndiyo ya kuogopa.

Mzee wa Mi-solo
Mimi bado ninaitetea lampu, si kwa sauti bali kwa sababu ampli iliyo nyuma yangu ni yangu. Ukipitia mezani, yule kijana wa mitambo akikushusha, umekwisha. Jumamosi leta kifaa chako tukipime na ampli yangu kwenye bafle moja, gitaa lile lile. Leta pia ampli ya kusukuma, maana kifaa peke yake hakiwezi bafle. Na asiwepo wa kuwasha lampu zangu kabla bafle haijachomekwa, asije akaniunguzia transfoma.