VideoIdent inanikataa, Termin ni Jumanne

Juma, Kassel
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina Termin, yaani miadi, ya Verlängerung (kuongeza muda wa kibali cha kuishi) Jumanne saa tatu asubuhi, na Sperrkonto ya mwaka mpya, ile akaunti ya kuzuia hela ya kujikimu, bado haijafunguka. Hela ipo, euro 11.904 zote, nimechangiwa na kaka zangu. Kinachonikwamisha ni VideoIdent, kule kuthibitisha kwa video kwamba mimi ndiye mimi. Juzi nilikaa foleni ya mtandaoni mpaka nikampata mtu, akaniona giza tupu. Taa ya kamera inawaka, mimi mwenyewe naona kiboksi cheusi. Nikahangaika mpaka picha ikaja. Akaniambia nisome namba ya pasipoti kwa sauti. Nasoma, hasikii. "Hallo? Hallo?" Akakata. Jana sauti imetoka vizuri, tumefika kwenye kugeuzageuza pasipoti, akasema haisomeki, nijaribu siku nyingine.
Swali langu: nikipeleka barua pepe ya hao wa Sperrkonto inayosema maombi yangu yamepokelewa, ofisi ya wageni wataikubali kama Finanzierungsnachweis, ushahidi wa hela ya kujikimu, au watanirudisha mlangoni?

Mama Imani, Bochum
Marahaba mwanangu, pole sana. Taa ikiwaka na picha ikawa nyeusi, angalia juu ya skrini, pale kwenye lenzi. Laptopu nyingi siku hizi zina kifuniko kidogo cha kuteleza, ukikigusa wakati unapangusa vumbi kinajifunga. Nyingine zina swichi ubavuni. Binti yangu alikosa mahojiano ya Ausbildung, mafunzo ya kazi, kwa ajili ya kitu hicho hicho, siku nzima tunalaumu intaneti, kumbe kifuniko. Analia, mimi nalia, na baba yake anauliza chakula.

Kariuki, Stuttgart
Mama Imani, ameshasema picha ilikuja. Tusome kabla ya kujibu, tafadhali.
Juma, shida yako ni ya sauti. Ulivaa hedifoni za Bluetooth? Kompyuta huziona kama vifaa viwili, kimoja cha kusikiliza muziki na kingine cha kuongea, na mara nyingi kivinjari huchagua kile kisicho sahihi. Ukiunganisha skrini ya nje pia, kompyuta inaweza kuing'ang'ania hiyo ikidhani ina maiki. Tumia maiki ya laptopu yenyewe, au hedifoni za waya. Halafu bonyeza ile alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, uone kama kamera na maiki zimeruhusiwa. Na kwenye Windows kuna ruhusa nyingine ndani ya mipangilio ya faragha. Zote mbili ziwe wazi, moja haitoshi.
Ikikuletea 0xA00F4243, kuna programu nyingine imeshikilia kamera. Funga zote, hasa ile ya mikutano ya chuo, maana inajificha chini kule kwenye saa hata ukidhani umeifunga. Ikiwa 0xA00F4244, kompyuta haiioni kamera kabisa. Hapo tafuta kitufe chenye picha ya kamera kwenye safu ya vitufe vya F1 mpaka F12.

Baraka, Berlin
Kariuki umeeleza vizuri lakini kwa tatizo la juzi. Jana sauti ilikuwepo. Alikwama kwenye pasipoti, na hapo hata ukibadilisha mipangilio mpaka asubuhi hutoki. Kamera za laptopu nyingi fokasi yake haibadiliki, imewekwa kwa uso wa mtu aliyekaa umbali wa mkono. Ukisogeza pasipoti karibu, maandishi yanakuwa ukungu. Ukiirudisha nyuma, herufi zinakuwa ndogo. Yule mtu anatakiwa kuziona alama za usalama zikibadilika rangi unapoinamisha ukurasa, anatakiwa akuone ukipitisha kidole mbele yake, na uisome namba kwa mdomo wako. Hayo ni masharti aliyowekewa na BaFin, wasimamizi wa mabenki Ujerumani, tangu 2017, hayaruki kwa kukuonea huruma.
Juma, fanya kwa simu, kamera ya nyuma. Kaa karibu na dirisha mchana, taa ya juu izime, maana ile plastiki ya ukurasa wa picha inarudisha mwanga na jina lako linafutika. Shika pasipoti kwa kingo, kidole gumba kisifunike ile mistari miwili ya chini. Intaneti ya nyumbani, si ya chuo.

Mama Imani, Bochum
Kariuki, nimesoma. Nimejibu alichokiandika kwanza. Na wewe umejibu tatizo lililokwisha, mbona hujajisomea mwenyewe?

Furaha, Köln
Jambo ndugu zangu. Nyie mnaongea habari ya mwanga, mimi nilifanya kila kitu vizuri, mwisho nikaambiwa pasipoti ya Congo haimo kwenye orodha yao. Si wangesema mwanzoni? Orodha ya kampuni moja si ya nyingine, Juma, uiangalie kabla ya kukaa foleni tena. Mimi niliishia POSTIDENT, unakaguliwa pasipoti dirishani pale posta, mtu na macho yake. Dakika chache tu. Na mama wa pale alinisalimia vizuri, kitu ambacho hapa si cha kila siku.

Kariuki, Stuttgart
Kwani lazima video? Kadi ya ukaazi ina chipu. Unaiweka nyuma ya simu, unaingiza PIN kwenye AusweisApp, programu ya kujitambulisha kwa kadi, kwisha. Kama wanaikubali.

Baraka, Berlin
Kama wanaikubali, na kama kadi haijaisha muda. Mtu anayekwenda Verlängerung kadi yake ina wiki ngapi? Ikishaisha anabaki na Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda wakati maombi yanashughulikiwa, na ile karatasi si kitambulisho cha kufungulia akaunti. Tusimtume kijana kwenye ukuta. Halafu Juma, kwani wewe si Werkstudent, mwanafunzi mwenye ajira? Lohnabrechnung zako, hati za mshahara, ukiziunganisha na Verpflichtungserklärung ya mtu, yaani ahadi yake rasmi ya kukugharamia, huenda huhitaji Sperrkonto.

Juma, Kassel
Kaka Baraka, mkataba uliisha Machi. Nitajaribu simu leo mchana, asante. Ila bado naomba mwenye kujua kuhusu ile barua pepe.

Mzee Salim, Hamburg
Assalaam alaykum. Nawasoma tu vijana. Mimi video nazitumia kumwona mama yangu Unguja, na kamera yangu haina tatizo, tatizo liko baharini. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, uso wa bi mkubwa ulikuwa unaganda mdomo wazi, sauti inafika nyuma yake kama radio ya jirani. Kila nikipiga ananiuliza kama nimekula. Nimeshachoka na hizi pasipoti pia. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Mjerumani ameruhusu uraia zaidi ya mmoja, hana neno nawe. Anayekukataza ni wa kwenu, Tanzania. Mtu uzaliwe Malindi, pale pale Mji Mkongwe, ukichukua karatasi ya Ulaya uingie nyumbani kwa viza.

Kariuki, Stuttgart
Mzee shikamoo. Sisi Wakenya uraia pacha tuliuweka kwenye Katiba ya 2010 na hakuna aliyekufa.

Baraka, Berlin
Nanyi mkipata nafasi hamuachi. Kwetu Tanzania ipo hadhi maalum sasa, kwa wenye asili ya huko waliochukua uraia wa nje.

Mzee Salim, Hamburg
Marahaba Kariuki. Baraka, hadhi maalum inapiga kura? Nijibu hilo tu.

Furaha, Köln
Heri nyinyi mnaogombania pasipoti mbili. Wengine hata moja tunaombewa na wakili.

Mama Imani, Bochum
Jamani siasa peleka kwingine, tulishakubaliana. Mzee Salim, nimesikia unasafiri mwezi ujao. Una kilo za mzigo zilizobaki? Nina viatu vya shule vya watoto wa dada yangu, si vizito, na ukirudi uniletee dagaa wale wakavu na bizari ya Darajani. Nitakulipa huku huku.