Betri za kuchaji au za kutupa kwa kijiti cha povu la maziwa?

MamaKawa_Ibanda
Muriho wandugu? Nimechoka kununua betri. Kile kijiti changu cha kupiga povu la maziwa kinazila kama karanga. Dada yangu anatoka Kigali keshokutwa, anauliza aniletee zipi. Za kuchaji au hizi za kutupa?

Fundi_Kadutu
Mama, umeuliza nusu. Betri ngapi? Nene au nyembamba? Vikombe vingapi kwa siku? Na umeme kwako unakuja saa ngapi?

MamaKawa_Ibanda
Unisamehe papa. Mbili za AA, vikombe kama thelathini. Umeme, mara nyingi usiku. Halafu kuna mzani mdogo wa kupimia kahawa, AAA mbili.

Yaya_Nguba
Za kuchaji tu! Nne zangu nilizinunua mtoto hajaanza shule, leo yuko mwaka wa nne. Nunua NiMH (zile za kuchaji za nikeli) za aina inayotunza chaji. Zile nyingine ukizisahau kabatini mwezi mmoja, unakuta zimepungua sana.

PapaRedio
Sisi mabuye (betri) ya redio yakichoka tuliyaanika juani, maisha yakaendelea. Tena hizo zenu ni volti 1.2, za kawaida 1.5. Mbili ni 2.4 badala ya 3. Kijiti kitazunguka kama mlevi.

Fundi_Kadutu
Papa, kwa heshima, hapo nakataa. Hiyo 1.5 ni ya betri mpya ambayo haijafanya kazi. Mota ikianza kuvuta, ya kutupa inashuka kila kikombe, NiMH inabaki karibu na 1.2 mpaka inakaribia kuisha. Lakini kwa mzani Papa ana haki: kuna mizani inayoona 2.4 na kuandika "Lo" (betri imeisha) hata betri ikiwa imejaa. Mzani hauli sana, uwekee alkalini, yaani za kutupa.

Keki_Muhungu
Mimi niliungua kwa ubahili wangu. Mashine yangu ya mkono ya kupiga mayai inakula AA nne. Nilikuwa na tatu za kuchaji, ya nne ikapotea (watoto, tochi, unajua). Nikachomeka moja ya zamani ya kutupa, nusu imekufa. Nilikuwa na keki ya komunyo ya watu sitini. Mashine ikaenda vizuri kidogo, kisha ikaanza kulia. Kumbe ile dhaifu ikiisha, wenzake watatu wanaisukuma kinyumenyume. Kufungua: maji yamemwagika, springi imeliwa, harufu mbaya. Mayai nilimalizia kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi. Na bado sikukoma! Ile mbovu nikaitia kwenye chaja kuona kama itafufuka. Ikapiga mluzi. Mume wangu aliitupa uani kwa koleo la makaa.

Yaya_Nguba
Eee Mungu. Komunyo ilipita?

Keki_Muhungu
Ilipita. Keki ilikuwa fupi.

Fundi_Kadutu
MamaKawa, dada yako awe macho: AA ya NiMH iliyoandikwa 4000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) ni uongo, nzuri nyingi ziko kama 2000 hadi 2800. Una mzani, ipime: ya kweli ni karibu gramu 26 mpaka 30. Na asilete ile ya lithiamu ya 14500, ina umbo la AA lakini volti 3.7. Mbili zitakaanga mota.

PapaRedio
Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa kwetu, mabwawa ya umeme tunayaona, na bado tunabishana betri za kuchaji usiku wa manane.

Yaya_Nguba
Ndiyo maana anunue nne, mbili zikae kwenye chaja.

PapaRedio
Au atikise maziwa moto ndani ya chupa yenye kifuniko. Povu ni povu. Kahawa ya Idjwi haihitaji hata hiyo povu.

MamaKawa_Ibanda
Papa, wateja wangu wa asubuhi wakinywa bila povu wanasema nimewapunja.

Keki_Muhungu
Hayo maziwa unanunua kwa nani? Yangu ya Kabare hayapigi povu kabisa siku hizi.