Injini ya Beetle 1600 barazani Mtwara: nipasue kesi au niishie kwenye pistoni?

Mwalimu_Shangani

Wakuu, habari za leo. Nipo Shangani, Mtwara mjini. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini 1600, hedi zake ni zile za matundu mawili mawili. Baba mdogo aliipaki chini ya mkorosho alipostaafu, mwaka huu akanikabidhi funguo, akasema "ukiiweza ni yako." Inawaka. Ila asubuhi inatoa moshi wa bluu, inadondosha oili pale injini inapoungana na gia boksi, na nikipanda kilima cha Mikindani na abiria watatu nguvu zinaisha, ndani kunanuka oili iliyoungua. Ikishachemka, nikiiacha sailensa (inawaka bila kukanyagiwa mafuta), taa ya oili inakonyeza.

Fundi wangu, ambaye kwa Noah na Probox simkosoi, anasema tushushe injini, tupeleke bloku ikachongwe, turudishe na ringi saizi ya pili. Fundi mwingine anataka nitoe "hilo takataka" nifunge injini ya Toyota nyuma. Huyo nilimpa chai tukaongea mpira.

Shule zimefungwa. Nina baraza yenye kivuli, boksi la spana na mdogo wangu mwenye misuli. Hela iliyopo inatosha seti ya pistoni na silinda pamoja na kutengeneza hedi. Nikigusa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake, itabidi nisubiri korosho ziuzwe. Je, niishie juu kwenye pistoni, au nipasue kesi (ganda la injini linaloshika krenki) kabisa? Na huku Kusini ni nani anachonga silinda za namna hii?

Boda_Mingoyo

Mwalimu, uza vyuma ununue bodaboda. Hicho kilima utakipanda unaimba.

Mzee_wa_Mtanda

Mwalimu, niko Lindi. Injini hizi nimezifungua tangu zilipokuwa gari za mapadri na mabwana shamba, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Kwanza fundi wako, mwambie kwa heshima kwamba hapa hakuna bloku, yaani chuma kimoja chenye silinda zote. Kuna kesi, halafu silinda nne, kila moja peke yake na mapezi yake, zinachomekwa kwenye stadi na kubanwa na hedi. Zikiisha unaziweka kando, unanunua seti mpya ya 85.5 mm, silinda, pistoni na ringi pamoja. Ndiyo maana huku Kusini hutampata wa kuzichonga, na wala humhitaji. Ukifika dukani ukaambiwa "chukua 88, zinaingia bila kuchonga kesi, gari litakimbia", kataa. Kuta zake ni nyembamba, zikipata joto zinapoteza umbo.

Moshi wa asubuhi usikukoseshe usingizi kama unakata baada ya dakika moja. Injini hii imelala, silinda ziko ubavuni, usiku oili kidogo hupenya kwenye ringi, au gaidi za valvu (mirija ambamo valvu hupita) zimetanuka. Ninachokiogopa mimi ni ile taa inayokonyeza.

Sasa usishushe kitu. Nenda nyuma ya gari, injini ikiwa imezimwa, shika puli ya krenki kwa mikono miwili, ivute kwako kisha isukume. Halafu mwambie mdogo wako akanyage klachi, wewe tazama puli. Ikisogea ukaiona kwa macho, krenki ina plei, yaani inacheza mbele na nyuma. Kiwandani inawekwa 0.07 hadi 0.13 mm, na ikifika 0.15 wenyewe wanahesabu imekwisha. Ukipata geji ya saa, pima. Pistoni tuziache kwanza, hii namba ndiyo itakayotuambia kama unapasua kesi.

Na ile oili ya kwenye maungio inuse. Oili ya gia boksi ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Kama ni hiyo, sili ya shafti ya gia boksi imechoka. Kama ni ya injini, ni sili ya flaiwili (lile gurudumu zito linaloshika klachi) au kile kizibo cha kamshafti, shafti inayofungua valvu.

La mwisho, lala chini uangalie mabati ya kuongoza hewa ya kupoza injini. Yapo ya juu yanayoshikana na nyumba ya feni, na yapo ya chini ya silinda. Pembeni ya chumba cha injini unazunguka mpira. Niambie vipi vipo.

Mwalimu_Shangani

Shikamoo mzee. Nimefanya yote. Mdogo wangu akikanyaga klachi puli inatoka nje, naiona bila miwani. Jamaa mmoja wa karakana kule bandarini kaniazima geji, imesoma 0.42. Oili ni ya injini. Mabati ya juu yapo yote, ya chini ya silinda hakuna hata moja, na mpira umebaki vipande viwili.

Mzee_wa_Mtanda

Marahaba. 0.42 imeshajibu. Pasua kesi.

Ukifunga pistoni mpya juu ya beringi hizo, utakuwa umeongeza nguvu juu na chini umeacha kilichokufa. Itatembea vizuri hadi Mikindani na kurudi, halafu siku unaenda Masasi itaanza kugonga.

Kesi yenyewe ni ya magnesiamu. Ni nyepesi na inatoa joto vizuri, lakini ni laini, beringi zinaipigapiga ndani mpaka zinajitengenezea nafasi. Ukishaitenganisha, rudisha beringi kwenye viti vyake zikae juu ya pini, zitikise kwa vidole. Zikiwa zimebana, una bahati: beringi mpya, kisha zile shimu tatu (pete nyembamba za chuma) za nyuma ya flaiwili unazichagua mpaka plei irudi kwenye 0.10 hivi. Ni tatu siku zote, unabadilisha unene tu. Beringi zikicheza ndani ya kesi, hakuna shimu itakayokusaidia. Kesi inakwenda Dar kuchongwa njia ya beringi, na unanunua beringi zilizo nene kwa nje. Ulizia Gerezani, ila muulize mwenye mashine kama amewahi kuchonga ya Volkswagen. Akianza kuzungumzia bloku, ondoka.

Krenki usiruhusu ichongwe kabla haijapimwa. Ni chuma cha kufuliwa, kigumu. Sehemu za meni (zinazokaa kwenye beringi za kesi) tatu za kwanza na za konrodi zote ni milimita 55, ile ya nne upande wa puli ni 40. Nyingi ukizipima unakuta zinataka kung'arishwa tu.

Kuhusu hela: fungua sasa shule zikiwa zimefungwa, pima, andika orodha, halafu subiri mnada wa korosho. Spea zipo. Mexico waliendelea kuiunda gari hii hadi 2003, na Brazil hadi 1996, kwa hiyo vya injini havijawa vya makumbusho. Ila wewe unakaa karibu na bahari. Magnesiamu na chumvi haviivani hata kidogo. Safisha kwa mafuta ya taa, usioshe kwa maji ya kisima cha pwani, futa na oili, funga kwenye nailoni. Hedi usiziloweke kwenye kostiki (soda kali ya kusafishia) hata fundi akikuapia. Hizo ni alumini, utatoa mifupa.

Na hayo mabati ya chini ndiyo yaliyoua injini yako, si umri. Feni inavuta hewa ya juu, inaishusha kati ya mapezi ya silinda, mabati yanailazimisha ipite karibu na chuma kabla ya kutoka chini. Ukiyatupa, hewa inachukua njia rahisi. Mpira wa pembeni ukikatika, hewa ya moto iliyotoka chini inapanda, feni inaivuta tena. Injini inajipikia hewa ileile, na kwa joto letu la Novemba unaelewa. Yatafute au mpe fundi bati ayakunje kwa mfano wa ya mwenzako. Usiwashe bila hayo.

Fundi_Masasi

Mzee nakuunga mkono, ila kwenye mabati niongeze. Huku hakuna baridi, mimi thamostati na vile vibao vya ndani ya nyumba ya feni huwa natoa vyote natupa. Hewa inaingia nyingi zaidi.

Mzee_wa_Mtanda

Thamostati ukiitoa sigombani na wewe, springi inaacha vibao wazi. Vibao viache. Vinaelekeza upepo upande wa silinda na upande wa oili kula, yaani kipoza oili. Hasa injini za kabla ya 1971, ambazo oili kula inasimama katikati ya njia ya upepo na silinda ya tatu inabaki na joto. Ya mwalimu kama ni ya 72 kweli, oili kula yake imesogezwa pembeni na ina kinyumba chake. Nayo ina kibati chake cha kutolea hewa, watu wanakitupa pia.

Mwalimu_Shangani

Asante sana. Jana tumeshusha: mafuta, waya wa eksileta, nyaya za hita, nati na bolti nne za 17, jeki chini, tukaivuta nyuma taratibu. Ile ni zaidi ya kilo 100, mdogo wangu sasa ananiheshimu. Maswali mawili tu. Nati ya flaiwili nitaikazaje? Spana ya kupima mkazo ninayoweza kuazima inaishia Nm 200. Na kuna mtego gani kwenye kufunga kesi?

Mzee_wa_Mtanda

Nati hiyo ni soketi ya 36, mkazo Nm 300. Funga flaiwili isizunguke, weka bomba refu kwenye kipini, lilale sawa na ardhi. Pima kutoka katikati ya nati sentimita 50, weka alama ya chaki. Mtu wa kilo 60 akiweka uzito wake wote pale juu ya alama, bila kurukaruka, umepata. Kama mdogo wako ana kilo 75, chaki iwe sentimita 40.

Mtego wa kesi ni pini. Beringi namba moja, tatu na nne ni duara zima, kila moja ina tundu la pini, na ukishazivisha krenki hulioni tena. Kwa hiyo kabla: weka beringi kwenye kiti chake tupu, ikae kwenye pini, chora mstari wa penseli juu ya beringi pale midomo ya kesi inapokutana. Baadaye unazungusha hadi mstari urudi palepale, unasikia "tik", imekaa. Isipokaa, ukikaza nati zile kubwa sita unaiponda na krenki haizunguki. Zungusha krenki kwa mkono kila unapokaza nati moja. Ikigoma tu, simama, fungua.

Gia ya kamshafti: nukta yake iingie katikati ya nukta mbili za gia ya krenki. Midomo ya kesi haina gasketi, paka gundi nyembamba sana, isiingie ndani ikaziba njia za oili. Silikoni nene ya dukani iache huko huko.

Valvu za ekzosi nunua mpya hata kama za zamani zinang'aa. Kichwa chake kikikatika, kinaondoka na pistoni. Nafasi ya tapeti seti 0.15 mm injini ikiwa baridi, yaani asubuhi kabla hujaigusa.

Boda_Mingoyo

Mzee, hiyo ya chaki nimeinakili. Kuwasha je?

Mzee_wa_Mtanda

Oili lita mbili na nusu, si zaidi. Toa plagi zote, piga stata hadi taa ya oili izimike, rudisha plagi, washa. Ikishika, usiiache sailensa: ishike kwenye mizunguko 2000 hivi kwa dakika ishirini, kamshafti na tapeti zizoeane. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka, zima hapohapo, maana belti ndiyo inayozungusha jenereta, na feni imo kwenye jenereta. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, safisha chujio la chini. Nati zake sita ndogo kaza taratibu kwa spana fupi tu. Kisha seti tapeti tena.

Mwalimu_Shangani

Kesi imetengana leo mchana. Beringi ya pili inacheza kwenye kiti, naisukuma kwa kidole gumba. Basi inakwenda Dar. Naifunga kwenye godoro la zamani, naituma na basi la alfajiri. Mwenye mabati ya chini ya silinda, ya kulia na kushoto, Lindi, Masasi au Newala, anitumie ujumbe. Nanunua, na nauli nalipa mimi.